Mswada wa Mwanangu Mgongoni

Maneno yale niliyapata mashineni, nikisubiri mahindi yangu yasagwe, na tangu hapo hayakunitoka. Jirani yangu Mama Hamdani alisema kuna mtu mjini anapokea hadithi za vijana wasiojulikana, anawaambia "tutakuita," halafu mwaka ukipita hadithi inatoka na jina la mtu mwingine. "Wa kwako si anaandika? Shauri yako," akaniambia. Na binti yangu Salha alikuwa amemaliza hadithi yake ndefu, kesho yake aipeleke mjini. Alasiri nikauchukua mswada wake, nikauweka chini ya mto, nikajilaza juu yake, na usingizi ukanichukua.

Nikajiona katika nchi ambayo milima yake ni vitabu, kimoja juu ya kingine hadi mawinguni, na ukitega sikio unavisikia vinapumua, vinasema taratibu kwa sauti za watu waliokwisha kufa na watu ambao hawajazaliwa. Mimi wa darasa la saba, nimefikaje huku? Mgongoni nikahisi joto. Kumbe nimebeba mtoto kwa kanga, na mtoto huyo ni ule mswada, kurasa zake zinadunda kama moyo. Mwanamke mmoja mrefu akaja kando yangu. "Mimi ni Saburi," akasema. "Twende, Mama Salha, ila usimteremshe mtoto kwa kila anayenyoosha mikono."

Tukafika kwenye lango linalong'aa hata macho yakaniuma. Pale alikaa bwana mmoja ananukia marashi, jina lake Sifa. "Karibu, mama wa mwandishi mkubwa. Lete nimpakate kidogo."

"Hujamsoma hata ukurasa mmoja," nikamwambia.

"Nisome nini, mama yangu? Uzuri si unaonekana? Weka kidole hapa kwenye karatasi tumalize."

Nisiseme uongo, nilishaanza kulegeza fundo la kanga. Saburi akanigusa bega, nikatazama nyuma ya yule bwana. Watoto wengi walikaa kimya, nyuso zao zote zimefanana na yake, na nje ya ukuta mama zao wanawaita kwa majina wasiyoyaitikia tena. Nikakaza fundo, nikaondoka mbio.

"Nipeleke mahali salama," nikamwomba Saburi. Akanipeleka. Ilikuwa nyumba safi, ya baridi, isiyo na dirisha, imejaa masanduku, na mwanamke mmoja anayatikisa moja moja kama anayebembeleza. "Huku hawaibiwi," akaninong'oneza. "Hata vumbi haliwagusi." Nikaweka sikio kwenye sanduku. Hapakuwa na pumzi.

"Wamelala?" nikauliza.

"Wametulia," akasema, akageuka, na uso wake ulikuwa wangu. Huyo ndiye Woga.

Saburi akanishika mkono. "Yule wa langoni anachukua jina, huyu anachukua pumzi. Mlango wa kweli ni mdogo, na wanaoulinda watakurudisha mara nyingi. Atakayekurudisha akakuonyesha pa kurekebisha, huyo amemsoma mtoto. Rudi kwake."

Nikaamka nimelowa jasho. Salha alikuwa anapekua nyumba nzima. "Mama, umeona makaratasi yangu?"

"Ninayo mimi." Nikayatoa chini ya mto.

Akanitazama. "Ulitaka kuyafanya nini?"

"Kuyalinda," nikasema, nikamwekea mkononi. "Chukua, mwanangu. Ila kesho tutoe fotokopi kwanza, halafu twende wote."

Ndiyo maana nawaandikia nyie mnaoandika, na nyie mliowazaa. Jiepusheni na haya:

Kutoa nakala pekee uliyonayo.

Kumwamini anayesifu kazi kabla ya kuisoma.

Kutia sahihi siku ile ile, kwenye karatasi ambayo hujaisoma mpaka mwisho.

Kumnunia anayekuonyesha makosa.

Kukata tamaa kwa sababu mmoja amekataa, au hata kumi.

Na wewe mama, kuizuia kazi ya mwanao ukasema unamlinda.