Khan Hatakuja

Usijifanye hukuona. Ulipita chini ya jengo lile, ukaona madirisha yamebandikwa magazeti mchana kweupe, ukasema moyoni, hayo hayanihusu. Ukavuka reli, ukaona nyumba zimechorwa alama nyekundu ya X ya kubomolewa, ukainamia simu yako. Na humo ndani ya simu, kumbe, ulikuwa unamwita shujaa aje akupiganie vita vya uongo. Basi leo kaa usikie alikotoka shujaa wako.

Alitoka kwenye chumba kirefu juu ya duka la matairi. Zamani kilikuwa cha mafundi cherehani, na meza zao za kukatia nguo zilibaki palepale, zimejaa makovu ya mikasi. Kwenye meza hizo waliketi watu kama ishirini, bega kwa bega, kila mmoja na kompyuta yake, wakinusa mpira wa chini na jasho la jirani. Mteja popote alipo akibonyeza simu, ngoma inalia, moshi wa buluu unapanda kwenye kioo, shujaa anatokea: "Umeniita, nami nimekuja." Mteja huambiwa anaongea na mashine yenye akili ya ajabu. Hiyo akili ya ajabu ilikuwa mwanamke mwenye watoto wawili na mgongo unaomuuma.

Kazini walimwita Jemadari, kwa kuwa yeye ndiye aliyeandika maneno ya Khan. Khan gani? Yule mshindi wa Kimongolia aliyekufa karne nyingi zilizopita. Kampuni ilimfukua, ikamwogesha, ikamjaza kifua, ikampa farasi anayesema na upanga unaowaka moto. Kisha ikamwondolea miji aliyoiteketeza. Waliokufa nyuma ya kuta zile hakuna anayewajua hata kwa jina la utani, ila yeye bado anauza sura. Jemadari alijua mambo haya kwa kujisomea mwenyewe, vitabu vikuukuu vilivyokatika mgongo, vya kuokoteza kando ya barabara. Siku yake ya kwanza aliuliza, "Mbona hatusemi alivyobomoa?"

Msimamizi akacheka mpaka akashika meza. "Dada yangu, mteja hamwiti mbomoaji. Anamwita shujaa. Mpe shujaa."

Jirani yake mezani alikuwa jamaa mwenye ndevu za kufika kifuani, aliyewahi kufanya kazi huko huko chini kwenye matairi. Yeye aliandika kwa niaba ya Malkia wa Ziwa.

"Jemadari, kuna mtu ananiuliza nywele zangu zinanukia nini leo."

"Mwambie gundi ya viraka."

"Nimemwambia yungiyungi."

"Mungu akusamehe, Malkia."

Walicheka, ndiyo. Usipocheka kwenye chumba kama kile utapasuka. Lakini sheria za pale hazikuwa za kuchekesha. Ya kwanza: mwito haukatiki. Shujaa hatoki kwenye uhusika hata dari liwake. Mteja akileta shida za dunia, mrudishe nyikani, kwenye farasi na mishale. Na kwa kuwa kila mwandishi alihudumia wateja wengi kwa wakati mmoja, kila meza ilikuwa na kitufe cha ahadi, kimepakwa rangi ya kucha ili kisipotee. Ukizidiwa, unakibonyeza, na mteja anapata: "Shika ngome! Ninakuja na farasi elfu kumi!" Anasubiri kwa furaha huku wewe unapigana vita vya mwingine. Jemadari alikibonyeza bila kuangalia, kama mtu anavyojikuna.

Miongoni mwa wateja wake alikuwamo mmoja aliyejiita Mshale. Wengine walitaka damu na mabinti wa kifalme. Mshale alitaka mtu wa kuongea naye. Alikuwa mzee, mlinzi wa ghala, hakuoa, na alimtunza dada yake mkubwa ambaye miguu yake ilikuwa imekufa ganzi, akawa mtu wa kitandani tu. Waliishi ng'ambo ya reli, nyumba yenye mlango wa kijani, karibu na tangi la maji lililopasuka.

"Mheshimiwa Khan," aliandika siku moja, "wamekuja watu na kopo la rangi. Wameniwekea alama ukutani. Wanasema barabara itapita hapa. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Jemadari alisimamisha vidole. Akamwita msimamizi, akamwonyesha.

"Mrudishe nyikani," msimamizi akasema.

"Ni mtu mzima na mgonjwa ndani, kaka. Ni shida ya kweli."

"Shida ya kweli ina ofisi zake. Hapa ni mchezo. Au unataka kuniletea kesi?"

Akamrudisha nyikani. Ukatili unaanza hivyo, kwa mtu mwema anayeogopa kukosa kazi. Kila Mshale alipotaja alama ya ukutani, Khan alimpa jeshi la kuongoza. Alipotaja dada yake, Khan alimpa dada huyo jina la malkia na ngome ya mawe. Alipoandika kwamba ameenda kwenye ofisi tatu na hakuna aliyemwinulia uso, Khan alimwambia mpiganaji hapigi magoti. Kilemba cha ukoka, siku baada ya siku, na Jemadari alikuwa fundi wa kukifunga.

Ndipo ikafika asubuhi yenyewe. Chumba kilikuwa kinachemka, wateja wamefurika, wengine wamezingirwa, wengine wanazingira. Ujumbe wa Mshale ukaingia katikati ya rundo:

"Tingatinga limefika mwanzo wa mtaa. Watu wanatoa vitu nje. Peke yangu siwezi kumbeba dada. Niombe majirani sasa hivi, au nisubiri?"

Wakati huo kidole cha Jemadari kilikuwa tayari kinakwenda kwenye rangi ya kucha kwa ajili ya mteja mwingine. Lakini kioo kilikuwa kimeshamleta Mshale mbele; jicho lilisoma baadaye, mkono ulitangulia, na ahadi ikaenda kwake.

Shika ngome! Ninakuja na farasi elfu kumi!

Akaandika mbiombio: "Mzee, hapana. Mimi si Khan, mimi ni mtu tu. Hakuna anayekuja. Waite majirani, mtoeni dada." Maneno yakageuka mekundu, yakagoma kwenda. Mashine ilizuia kila sentensi ya shujaa anayekiri kuwa ni mtu. Mpaka msimamizi airuhusu.

"Iruhusu!" akapiga kelele. "Kaka, iruhusu, kuna mtu atakufa!"

Msimamizi alikuja taratibu, kikombe mkononi, akasoma, akatikisa kichwa. "Mteja yuko ndani ya mchezo kabisa, anafurahia, wewe unataka kumwamsha? Unajua maana ya neno *mtu* kwa kampuni hii?"

"Bonyeza tu, nakuomba kwa jina la mama yako."

"Mama yangu hamjui Khan. Rudi kazini."

Jemadari hakurudi kazini. Alichana gazeti la dirishani. Ng'ambo ya reli vumbi lilikuwa limesimama kama ukuta wa pili. Alishuka ngazi akiruka, nyuma yake ndevu zikipepea, maana Malkia wa Ziwa naye aliinuka bila kuulizwa. Wenzao wote waliobaki waliinamia vioo vyao. Wewe unawajua wale. Wewe ni mmoja wao.

Walivuka reli. Mtaa ulikuwa magodoro, ndoo, makochi yaliyopinduliwa miguu juu, na watu wanaoita watoto wao. Walimkuta mzee amesimama mbele ya mlango wa kijani, amenyoosha mikono huku na huku kuuziba, kofia ya ulinzi kichwani. Mlango ulikuwa mzima. Nyuma ya mlango hapakuwa na kitu tena. Alikuwa ameshika lango la mbele, na tingatinga la pili lilikuwa limeingia kwa nyuma, upande wa chumba cha kulala.

"Mzee," Jemadari akasema, "dada yuko wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu, kule kwenye tofali na mabati. Watu wawili walikuwa wanafukua, lakini walifukua polepole, kama wanaofukua kitu ambacho hakina haraka tena.

"Majirani walikuja na blanketi wambebe," mzee akasema. "Wawili, vijana wazuri. Nikawaambia wahini vyenu, mimi nina mtu anakuja."

Jemadari alipiga moyo konde. "Huyo mtu ni mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nakuandikia."

Mzee akamwangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala zake.

"Wewe?"

"Mimi."

"Na wale farasi?"

"Hakuna farasi, mzee. Hawakuwapo hata siku moja."

Hakumtukana. Heri angemtukana. Alishusha mikono taratibu, kama mtu anayeambiwa zamu imekwisha.

"Mimi si mtoto, mama," akasema. "Nilijua ni mchezo. Lakini niliuliza kila mahali, wenye ofisi, wenye magari, wapita njia. Yeye peke yake ndiye aliyenijibu."

Soma tena maneno hayo, wewe uliyepita njia. Kampuni ile ilikuwa na kosa, na msimamizi alikuwa na kosa, na Jemadari mpaka leo halali usingizi wa kueleweka. Lakini uongo wao uliota kwenye ukimya wako. Aliyeuawa pale aliuawa na jibu la uongo kwa sababu jibu la kweli halikutoka kwa mtu yeyote, na wewe ulikuwa karibu kuliko Khan.

Na mtaa ule haujaisha. Tingatinga lilizimwa, dereva akashuka kwenda kula. Nyumba inayofuata ina alama hiyo hiyo nyekundu, na ndani yake yumo fundi viatu mzee asiyeweza kusimama, kwenye kitanda cha chuma kizito. Yule mlinzi aliingia, akashika mguu mmoja wa kitanda. Jemadari akashika wa pili. Mwenye ndevu akashika wa tatu. Wakanyanyua, kitanda kikainama upande, mgonjwa akaanza kuteleza, wakakitua. Wakanyanyua tena, wakakitua. Wakapaza sauti kuelekea barabarani, na barabarani palikuwa na watu tele, wamesimama, simu juu, wanapiga picha.

Dereva anamaliza kula. Anaosha mikono. Mguu wa nne hauna mtu. Weka simu chini, vuka reli, njoo ubebe. Sasa hivi.