Karatasi Yenye Meno

Niliota usiku wa jana kwamba nimeitwa Virginia, Amerika, kumpima gauni msichana wa kazi, miaka mia tatu na ushee kabla sijazaliwa. Na bado nikaambiwa nimechelewa.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda Korogwe, jirani na stendi. Kuambiwa nimechelewa nimezoea. Nikatundika futi yangu shingoni, nikaingia sebuleni.

Ndani namkuta msichana wa miaka kumi na minane, amesimama wima, aproni yake imepigwa pasi hata haina kunyanzi moja.

"Shikamoo, Mama Fundi. Naitwa Dorkasi. Nililetwa na meli kutoka Uingereza nikiwa na miaka kumi na mmoja. Nikaandikiwa kumtumikia bwana miaka saba, kisha niwe huru. Inaisha leo."

"Marahaba. Iko wapi hiyo miaka?"

"Ile pale, kwenye benchi."

Kweli, miaka yake saba imeketi kwa mstari, imeoga, kila mmoja na kifurushi chake. Wa tatu unakohoa, maana ndio ule aliougua homa. Wa saba bado unafunga kamba za viatu. Inamngoja waondoke pamoja.

Dorkasi akanieleza utaratibu. Mtumishi akimaliza hupewa gauni jipya na gunia la mahindi, mlango unafunguliwa, anakwenda zake. Lakini kwanza karatasi zitambuane. Mkataba wake ulikuwa karatasi moja, na karani aliikata katikati kwa kupindapinda makusudi, ili vipande viwili vikiwekwa pamoja viumane na asiwepo wa kughushi. Kimoja akachukua bwana, kimoja akapewa yeye.

Bwana mwenyewe hakuwepo. Alikuwa ametundikwa ghalani pamoja na majani ya tumbaku, akauke. Mezani alikuwa amekiacha kipande chake. Kilikuwa na meno makubwa, na kilikuwa kinakula mkate wa mahindi.

"Mlete mwenzangu," kikasema, bila kumeza.

Dorkasi akatoa kipande chake kifuani. Kilikuwa safi, kimenyooka pande zote nne, na hakikuwa na jino hata moja.

"Thamahani, mwanangu," kikasema. "Thikumbuki kitu. Thina meno."

Nikamgeukia yule binti. "Umekifanya nini?"

Akainamisha kichwa. "Pembeni kilikuwa kimechanikachanika, Mama. Nilikuwa mdogo, nikadhani karani alitetemeka mkono. Nikaona aibu kutunza kitu kibaya namna ile. Nikakinyoosha kwa mkasi."

Hapo hapo nikampenda. Mtu mwingine angemwita mjinga, lakini mimi ni mtu wa kumkimbiza mteja mpaka stendi nikamkate uzi unaoning'inia mgongoni. Ningepewa mimi ile karatasi, nisingelala nayo hivyo hata siku moja.

"Huyu simjui," kipande cha bwana kikasema. "Hatuumani. Miaka irudi shambani, ianze upya."

Kwenye benchi ule wa tatu ukaanza kulia. Wa saba ukainama, ukaanza kufungua viatu.

"Msivue viatu!" nikasema. Kumbe sebule imekuwa meli, na meza inateleza kwenda na kurudi. Nikajishika kwenye mlingoti, mlingoti ukawa cherehani yangu, tukawa tumefika kibandani Korogwe sote, na benchi la miaka, na mkate. Hakuna aliyelizungumzia jambo hilo.

"Dorkasi, yale uliyoyakata uliyatupa wapi?"

"Mimi huwa situpi kitu, Mama. Lakini ni zamani, sikumbuki nilikoyaweka."

Mwaka wa kwanza ukanyoosha mkono. Ndio uliokuwa mdogo kuliko yote, miguu haifiki chini. "Mimi nakumbuka," ukasema. "Aliyashonea ndani ya pindo la sketi yake, likae sawa. Sketi ikawa fupi, akairefusha kwa kitambaa, pindo halijafumuliwa."

Nikapiga magoti, nikashika sketi ile aliyoivaa. Pindo zuri, mishono midogo, ningeweza kumwajiri mtoto huyu kesho. Nikalifumua. Meno yakanimwagikia mapajani, kumi na mawili, meupe pe kwa kufuliwa miaka saba.

Nayashona moja moja kwa uzi mweupe. Kipande cha Dorkasi kinatulia kama mtoto anayenyolewa. La nane linaingia, kinajaribu ulimi.

"Tha... Sa... Sasa!" kinasema. "Sasa nakumbuka! Dorkasi binti Samweli, miaka saba, siku yake leo!"

"Huo mshono wa siku hizi," kipande cha bwana kikanuna.

Nikamalizia manne yaliyobaki. "Fungua mdomo," nikakiambia.

Kikafungua. Vikaumana jino na pengo, sawasawa, hata nywele haipiti. Kikataka kuongeza neno, lakini mdomo ulikuwa umejaa.

Miaka ikainuka yote kwa pamoja, ikashika vifurushi. Machozi yananitoka, siwezi kuyaficha, na hapo ndipo nikakumbuka.

"Jamani, gauni lako sijalikata hata!"

"Nitalishona mwenyewe, Mama," akasema Dorkasi. "Sasa nina nafasi."

Alipofika mlangoni akarudi. Akanyofoa jino moja kutoka kwenye karatasi yake, akanifumbatisha mkononi. "Kaa nalo wewe. Miaka yangu imekwisha; bila hili, karatasi hizi haziwezi kuumana tena zikanifunga."

Akaondoka, mwaka wa saba umemshika mkono. Ghalani bwana anaita kwamba ameshakauka, aje mtu amshushe. Hakuna aliyekwenda.

Nikaamka, jua limeshaingia dirishani. Nilipokuwa natandika kitanda, pindo la gauni langu la kulalia likanikwaruza mguu. Nililishona mwenyewe, na sikuwahi kutia kitu ndani. Nikafumua mishono mitatu, kikatoka kipembe cha karatasi, cheupe pe, kidogo kama ukucha, kinaning'inia uzi mweupe.

Mkasi ulikuwa pale pale, karibu na mkono. Uzi ule sijaukata.