Kurutubisha Urani

Muthamia alipopata nafasi ya kusomea umeme wa nyuklia huko Korea Kusini, mkewe Kanana alibaki Timau, akifungasha maua katika shamba moja la waridi. Kila Jumapili baada ya kanisa walipigiana simu ya video. Mwanzoni mume alisimulia baridi na chakula. Halafu likaingia jina la Linda, mwanafunzi mwenzake kutoka Embu.

"Leo mimi na Linda tumeshinda tukisoma kurutubisha," Muthamia alisema.

"Mnarutubisha shamba la nani, Baba Kaari?"

Nyuma ya Muthamia mwanamke akaangua kicheko. "Si shamba, dada! Ni urani!"

Muthamia naye akacheka mpaka akapangusa macho. Kanana alikata simu, akasingizia mtandao.

Wiki nzima miiba ilimchoma vidole kazini. Uzuri wa Linda haukumsumbua. Kilichomchoma roho ni kwamba Linda alielewa kila neno la mume wake, na yeye hakuelewa.

Ijumaa alimwendea Mwalimu Gachoki, aliyefundisha fizikia katika sekondari ya jirani.

"Nieleze urani. Polepole."

"Ni chuma kizito cha kuchimbwa," Gachoki alisema. "Sehemu yake ndogo sana, haifiki hata moja kwa mia, ndiyo hupasuka kwa urahisi na kutoa joto. Kurutubisha ni kuigeuza urani kuwa gesi na kuizungusha kwenye mashine, ili sehemu hiyo iongezeke. Ikifika kama tano kwa mia inachemsha maji, mvuke unazungusha mitambo, unapata stima. Ukiendelea mpaka kama tisini, hiyo ni ya bomu."

"Kwa mashine zilezile?"

"Zilezile."

Jumapili Kanana hakungoja salamu ziishe. "Kama mashine ni zilezile, nani anawazuia wenye mashine wasifike tisini?"

Muthamia alisogeza uso karibu na simu. Alieleza habari za wakaguzi, kamera na mihuri, na nchi zinazowafungia wakaguzi milango. Chakula chake kikapoa. Kisha akauliza:

"Nani amekufundisha haya?"

"Mwalimu Gachoki."

"Gachoki yupi? Yule ambaye hajaoa?"

"Huyo huyo. Ijumaa atanieleza plutoni, ile nyingine ya bomu."

"Plutoni nitakueleza mimi," Muthamia alisema haraka.

"Nimeshamwahidi," Kanana akajibu.

Tangu hapo simu kutoka Korea ziliingia hata Jumatano. Linda, hata hivyo, Kanana hakumpenda kamwe.