Samli ya Gumato

Yarow alipofungua kifuniko cha chini cha ile cherehani nzito ya kushonea mahema, alijua kwa nini gurudumu limegoma. Haikuwa kutu. Ilikuwa samli, imeshikana na vumbi la mji wa Buna ikawa kama gundi, na bado ilinuka moshi.

Aliyeitia ni mkewe, Gumato. Msimu wa mvua uliopita barabara iligeuka tope, malori yakakwama, mafuta ya mashine yakaisha dukani. Gumato alizaliwa katika boma la wafugaji, na kwao kitu kikikauka hupakwa samli: ngozi, kamba, utosi wa mtoto mchanga. Akaleta ya kwake, iliyokaa katika chombo alichokifukiza moshi mwenyewe, akajaza kila tundu la mafuta.

"Umeilisha vizuri," Yarow alimtania. "Sasa itazaa."

"Na izae. Ukipata ya kwako, hii umrudishie mwenyewe, Guleid."

Siku zile mashine ilikwenda laini. Halafu homa ikamchukua Gumato, na tangu azikwe Yarow hakuikanyaga tena.

Sasa Guleid, mwenye duka na mwenye cherehani, alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya mafuta ya taa.

"Bado unaitazama? Hiyo si bibi harusi, bwana."

Yarow akaweka kifuniko sakafuni.

"Polisi wanataka mahema yao. Lori linarudi Wajir baada ya adhuhuri. Ikiwa haishoni, naipakia nampelekea Abdow, fundi wa huko. Nimekuvumilia, wallahi, na wewe unajua."

"Najua, Haji."

Yarow akachukua chupa. Vyombo vya Gumato dada zake walishavibeba, wakarudi navyo malishoni. Nguo zake ziligawiwa. Nyumbani hapakubaki kitu chenye harufu yake, na harufu yenyewe ilikuwa hapa, ndani ya chuma. Akachovya kitambaa, akaosha meno ya chini, akaosha mhimili, akachokoa matundu kwa msumari mwembamba. Samli ikayeyuka, ikatiririka nyeusi sakafuni. Kila alipofuta, moshi ulipungua na mafuta ya taa yakazidi.

Kichwani, nyuma ya sindano, kulikuwa na kifuniko kidogo. Hicho hakukigusa. Akatia mafuta mapya ya mashine kwingine kote, akashika gurudumu. Likazunguka nusu, likakwama.

"Kuna mahali umeruka," Guleid alisema.

"Nimeruka nikijua."

Guleid akamtazama, kisha akainama akanusa pale kichwani. Akakaa juu ya gunia la sukari.

"Ni ya Gumato?"

"Ni yake."

"Allah amrehemu. Lakini watoto wake wanakula kwa mashine hii, Yarow. Ikienda kwa Abdow, utawapa nini? Harufu?"

Lori lilikuwa limeshawashwa. Yarow akafungua kifuniko kile, akasogeza uso karibu, akavuta pumzi mara moja, ndefu. Kisha akamimina mafuta ya taa yaliyobaki.

Alipomaliza alinusa vidole. Vilinuka mafuta ya taa tu. Akashika gurudumu, likazunguka lote bila kukwama.

Guleid akatoka kumwambia dereva aende zake. Yarow akaingiza turubai chini ya sindano, akakanyaga. Mashine ikashona safu nzima bila kuruka mshono. Ilikwenda vizuri kuliko siku zile za samli, na hilo ndilo lililomliza.