Lango Lililongoja Salamu

Siku hiyo ilimshinda Edina Ruhanyura tangu asubuhi, na jioni ilipoingia hakuwa na nguvu hata ya kuvua viatu. Alijitupa kitandani katika nyumba ya wafanyakazi, vumbi la barabarani likiwa bado limemganda shingoni, akatazama dari. Kazi yake ilikuwa kuratibu huduma za watoto katika kambi ya wakimbizi ya Mtabigwa pamoja na vijiji vinavyopakana nayo. Kwa lugha isiyo ya ofisini, alilipwa ili watu wema wasigongane vichwa. Lilikuwapo shirika la afya, shirika la maji, shirika la elimu na shirika la ulinzi wa watoto, kila moja na gari lake, bendera yake na wasiwasi wake. Na siku hiyo yote yalikuwa yakitupiana mpira mmoja, na mpira wenyewe ulikuwa mtoto wa miaka sita aitwaye Irakoze.

Irakoze alivuka mpaka na bibi yake msimu wa mvua uliopita. Bibi alifariki njiani kabla hawajafika kambini, na mtoto akakutwa amekaa kando ya shamba la mihogo la mjane mmoja wa kijiji cha Nyarulanga, aitwaye Laurensia. Mtoto alisema kwa Kirundi kwamba ana njaa, Laurensia akamjibu kwa Kiha kwamba ugali upo, na kwa kuwa lugha hizo mbili husikilizana, hakuna aliyehitaji mkalimani. Basi akakaa. Shida ilianza alipojikata mguu kwa jembe na kidonda kikagoma kupona. Zahanati ya kijiji haikuwa na dawa wala bandeji. Ya kambini ilikuwa nazo, lakini ikasema mtoto huyo anaishi kijijini, kwa hiyo ni wa wilaya. Wilaya ikasema huyo ni mkimbizi, kwa hiyo ni wa mashirika. Shirika la watoto likasema litampokea kwa mikono miwili siku atakapolala ndani ya uzio wa kambi. Kidonda, ambacho hakikualikwa kwenye vikao hivyo, kiliendelea kuvimba.

Ndipo Edina akakata shauri mwenyewe: mtoto ahamishiwe kituo cha watoto kambini. Alasiri ile alikwenda Nyarulanga, gari likasimama uani, dereva akaiacha injini ikinguruma, na Edina akatangulia hadi mlangoni alipokuwa Laurensia akimenya mihogo.

"Tumekuja kumchukua mtoto, mama. Kule atatibiwa vizuri."

Laurensia aliinuka polepole, akamvuta mtoto nyuma ya kitenge chake. "Mtoto hatoki."

"Mama, mguu huu utaoza!"

"Nimesema hatoki. Nendeni na gari lenu."

Majirani wakaanza kusogea, maneno yakapanda, na mtu fulani akarusha donge la udongo likapasukia kwenye kioo. "Dada, tuondoke, hapa hapakaliki," akasema Gwasa, dereva. Kwenye kikao cha jioni mashirika yote yalikubaliana, kwa mara ya kwanza mwaka huo, kwamba kesho asubuhi warudi na polisi. Edina naye aliinua mkono kukubali. Hilo ndilo lililomnyima raha pale kitandani. Alikuwa ameuona mguu ule kwa macho yake, alijua dawa ilipo, nia yake ilikuwa njema kabisa, na bado alijisikia kama mtu anayepanga kuiba. Kisha usingizi ukamchukua.

Akajikuta katika nchi pana yenye udongo mwekundu, jua likiwa la asubuhi na kivuli hakipo popote. Nchi hiyo ilikuwa na barabara nyingi, pana na zilizochongwa vizuri, zote zikielekea upande mmoja bila hata moja kuikaribia nyingine, na katika kila barabara msafara ulikuwa ukienda mbio na mizigo kichwani, ukiimba wimbo wake kwa sauti ili usisikie wimbo wa wengine. Vumbi la misafara hiyo lilipanda likaifunika nchi. Aliyekuwa karibu naye alikuwa mama mnene aliyebeba mablanketi mpaka kidevuni, machozi yakimtiririka mfululizo. Edina akamuuliza ni nani na anakwenda wapi. "Mimi ni Huruma, mwanangu," akajibu, "nakwenda kwa mtoto." Mtoto gani? "Kwa kweli sijui. Machozi haya hayaniachi nikaona." Nyuma yake alipita Pupa, kijana mwenye miguu mirefu, akikimbia huku nusu ya mzigo wake ikidondoka njiani bila yeye kugeuka. Kisha akaja Sifa, aliyevaa fulana yenye picha ya uso wake mwenyewe, naye alikuwa akitembea kinyumenyume ili wanaomfuata wamwone vizuri zaidi. Kwenye barabara ya mwisho alikwenda Kanuni, mzee mwembamba mwenye adabu nyingi, akipima ardhi kwa kamba na kuomba radhi kwa kila hatua. Edina aliwatambua wote. Alikuwa akikaa nao mezani kila wiki.

Aliyekuwa hana mzigo wowote alikuwa mwanamke mmoja tu, wa makamo, miguu imejaa tope mpaka magotini kwa sababu yeye alipita kati ya barabara, pale palipokuwa hapajachongwa. Alijitambulisha kwa jina la Masikilizano. "Zamani walikuwa hawaanzi mpaka nifike," alisema bila kinyongo. "Siku hizi wananiletea habari wakishamaliza. Njoo tutembee, na usiwe na haraka, kwa maana Pupa anaitosha nchi nzima." Wakaenda pamoja, na kila walipovuka barabara Edina alitaka kuwasimamisha wenye mizigo awapange, kama alivyozoea. Masikilizano alimshika mkono akamwambia kwamba watu wanaokimbilia mahali pamoja hawapangiki kabla ya kujua pale mahali pana nani.

Barabara zote ziliishia kwenye uzio wa miiba. Uzio huo ulikuwa hai, na unapoutazama unakua. Katikati yake, kwenye shimo dogo kati ya matawi, Edina aliona mguu wa mtoto uliofungwa kitambaa kichafu, akajua mara moja ni wa nani. Misafara ilikuwa imefika na kila mmoja ulikuwa ukirusha vitu vyake juu ya uzio. Huruma alirusha mablanketi, Pupa akarusha ndoo zisizo na vifuniko, Sifa akarusha kofia zenye jina lake, na kila kilichotua upande wa pili kiligeuka mwiba, na uzio ukaongezeka kimo. Kanuni alikuwa amepiga magoti akipima kama mguu ule uko upande huu au upande ule, na kila akipima anapata jibu tofauti. Na nyuma ya miiba alisimama mlinzi wa kutisha, mwanamke mrefu mwenye rungu, nywele zimesimama, macho mekundu kama pilipili. Watu wa misafara walimnyooshea vidole wakisema, "Huyo ni Wivu! Ndiye anayemzuia mtoto!"

Edina akasahau mashauri yote aliyopewa. Akaukimbilia uzio akapiga kelele, "Fungua! Tumeleta dawa! Fungua nimchukue!" Miiba ikapanda juu ya kichwa chake na mguu wa mtoto ukapotea kabisa. Akalia, hakuona aibu kulia.

"Mtazame yule mlinzi," alisema Masikilizano akichuchumaa kando yake. "Macho yake ni mekundu kwa nini?"

"Kwa hasira."

"Mtazame tena."

Edina akajipangusa, akatazama, na safari hii akaona kope zimeganda udongo. Halikuwa jambo jingine ila vumbi.

"Barabara zote hizi zimepita mbele ya mlango wake," Masikilizano akasema. "Wamepita na maji naye ana kiu, wamepita na madaftari na watoto wake hawana. Wapo waliompungia mkono. Sasa niambie, kwenu watu huingiaje nyumbani kwa mtu?"

Swali lile lilimrudisha Edina mbali. Alimwona nyanya yake, kijijini karibu na Kasulu, akifika kwa jirani. Angepunguza mwendo tangu mbali ili aonekane. Angeinama, agonge viganja taratibu, atamke salamu ya asubuhi ya Waha, kisha aulize watu wa nyumba ile mmoja mmoja, aulize ng'ombe, aulize maharage, aulize hata mguu uliomuuma babu mwaka juzi, na kabla hayo hayajaisha huwezi kumtoa neno la kilichomleta hata kama nyumba inaungua. Edina mdogo alikuwa akivuta nguo ya nyanya yake akinung'unika kwamba wanachelewa. Sasa, mbele ya miiba, alipiga magoti, akagonga viganja, akasema, "Mwakeye."

Misafara ikaacha kurusha vitu. Mlinzi akateremsha rungu, na sauti yenye ukavu ikajibu, "Mwakeye." Edina akamuuliza ameamkaje, na watoto wameamkaje, na mihogo inaendeleaje. Mlinzi akajibu moja baada ya jingine, naye akauliza ya kwao, na kwa kila jibu mwiba mmoja ulilegea ukaanguka chini bila kishindo. Edina hakuharakisha. Alipofika kwenye habari ya maharage, vumbi lilikuwa limepukutika usoni pa mlinzi, na uso uliobaki ulikuwa wa mtu aliyechoka sana na mpole sana. "Wananiita Wivu, wapita njia," alisema. "Jina nililozaliwa nalo ni Ukarimu." Mwiba wa mwisho ukaanguka, na hapo Edina akaona alichokuwa hajakiona: mtoto hakuwa amenaswa na uzio hata kidogo. Alikuwa amepakatwa mapajani mwa Ukarimu muda wote, na ile miiba ilikuwa imeota kumkinga na vitu vilivyokuwa vikirushwa.

Baada ya hapo mambo yakaenda kwa wepesi wa kushangaza. Huruma alifuta machozi kwa ncha ya blanketi, akamwona mtoto kwa mara ya kwanza, akamuuliza panauma wapi. Kanuni akatumia kamba yake kupanga foleni, kazi aliyozaliwa kuifanya, na wote wakamshukuru. Sifa alipoona hakuna anayemtazama alikwenda kuteka maji, na kumbe alikuwa na nguvu kweli. Edina akageuka kumwita Masikilizano aje aone, lakini alikuwa ameshashika njia ya tope kwenda kwa wengine.

Jogoo akawika, na Edina akakaa kitandani, viatu bado miguuni. Kulikuwa kunapambazuka. Akashika kichwa kwa mikono miwili, akaona aibu, halafu akacheka peke yake chumbani. Yeye, Muha wa Kasulu, mjukuu wa nyanya yule, alikuwa amesimama mlangoni pa Muha mwenzake injini ikinguruma, akasema tumekuja kuchukua. Hakusema hata mmeamkaje! Mwezi mzima alikuwa amehangaika ili mashirika yote yasikilizane, na mwenye mtoto hakuwahi kuulizwa neno. Akapiga simu kituoni akawaambia polisi wasije, kisha akamwamsha Gwasa.

Walipofika Nyarulanga Gwasa alisimamisha gari mbali, chini ya mteremko. "Nizime?"

"Zima. Na wewe shuka."

Laurensia aliwaona tangu mbali, akasimama mlangoni na kisu cha mihogo mkononi, mtoto nyuma yake. Edina akapunguza mwendo. Akapiga magoti kwenye udongo, akagonga viganja. "Mwakeye."

"Mwakeye," Laurensia akajibu.

Wakasalimiana mpaka jua likapanda juu ya migomba. Gwasa naye, ambaye alidhani amekuja kuendesha tu, aliulizwa habari za wakwe zake. Mwishowe Laurensia akaweka kisu chini. "Jana ulikuja na mdomo tu, bila masikio. Nani amekwambia mimi sitaki atibiwe? Nimekataa apakiwe kama gunia, akalale na watu wasiojua usiku huwa anaamka kumwita bibi yake."

"Nimekosa, mama. Sasa tufanyeje?"

Laurensia alimtazama kana kwamba hakusikia vizuri. Hakuna mtu wa gari aliyewahi kumuuliza hivyo. Akanyoosha mkono kuelekea barabarani. "Magari yenu yanapita hapa kila asubuhi yakitupaka vumbi. Nesi yumo ndani. Si asimame?"

Edina akageuka akaitazama ile barabara. Vikao vyote vile, ramani zote zile ukutani! Akajisikia mwepesi kiasi cha kutaka kuimba. Na wakati huohuo vumbi likaonekana kule mwisho wa barabara: gari la afya lilikuwa likienda kambini kama kawaida yake. Alikimbia akasimama katikati ya barabara, mikono juu. Gari likafunga breki, nesi akachungulia dirishani.

"Dada Edina! Kulikoni? Hapa si kituo chetu."

"Kuanzia leo ni kituo. Shuka na mkoba wako."

Nesi akashuka, mkoba mkononi, akielekea moja kwa moja kwa Irakoze, ambaye alikuwa ameshatoa mguu wake nje ya kitenge kuuonyesha. Watoto wa majirani wakaanza kutokea nyuma ya nyumba, huyu na upele, yule na sikio linalotoa usaha, wakijisogeza taratibu. Laurensia akainua kiganja.

"Ngoja kwanza," alimwambia nesi. "Mwakeye."

Nesi akamtazama Edina. Kisha akauweka mkoba chini, akapiga magoti.