Kofia ya Kahigwa

Kundi letu la wasapu, Santuri za Kanda ya Ziwa, lilikuwa limepoa kama uji wa jana mpaka nilipoingia mimi. Watu walikuwa wanapendekezeana albamu kwa maneno mawili: "Hii kali." Basi, imetoka hiyo. Nikaja mimi, Shigela, mstaafu wa kinu cha pamba, nikawaonyesha muziki unavyosifiwa. Albamu ikitumwa Ijumaa, Jumamosi asubuhi naandika: mpiga solo huyu nilimwona kwa macho yangu Misungwi, waya wa gitaa ulikatika katikati ya wimbo, akaushika kwa meno na kuendelea kupiga, msikilizeni vizuri, mtamsikia anavyouma. Watu wazima wenye kazi zao wakawa wanarudia wimbo kutafuta meno. Na wakayasikia!

"Mzee Shigela, una sikio la ajabu," wakaandika.

Sasa kuhusu hilo sikio. Mimi sisikii. Mashine za kinu ziliyala masikio yangu kidogo kidogo, na wakati nastaafu yalikuwa yamebaki ya kuvalia miwani. Mtu akisimama mbele yangu nasoma midomo, sikio la kulia linadaka makombo, tunaelewana. Lakini muziki kwangu ni ngurumo tu, kama lori linalopita mtaa wa pili. Albamu zote nilizozisifia, sikuisikia hata moja. Nilikuwa natazama picha ya jalada, naandika.

Aliyejua ni mke wangu, Evelina, peke yake.

"Baba Nathaniel," aliniambia siku moja, amenishika kidevu ili nimtazame mdomo, "utakuja kuumbuka."

"Nani atapima masikio yangu kupitia simu?"

"Haya. Mimi simo."

Ndipo akaingia Jovinary. Huyu ni mhasibu, Mhaya anayeishi Buswelu, mtu wa makamo mwenye adabu ya kuandika shikamoo hata kwenye simu. Marehemu baba yake, Kahigwa, alikuwa na bendi huko Bukoba, na kanda ya nyimbo zao ilikutwa sandukuni. Ngosha, fundi redio wa Igoma ambaye ndiye kiongozi wa kundi, aliisafisha na kuihamishia kwenye simu. Jovinary akaituma Ijumaa pamoja na picha ya baba yake: bwana mrefu, gitaa kifuani, kofia nyeupe ya pama imelalia upande mmoja.

"Shikamoo Mzee Shigela," akaandika. "Wimbo wa mwisho kuna mwanamke anaitikia. Baba hakuwahi kututajia mwimbaji wa kike. Wewe uliyewajua watu wale, ni nani huyu?"

Mtu mwenye akili angejibu: sijui. Neno moja tu. Lakini kundi zima lilikuwa linasubiri, nikiona kabisa simu inaniambia fulani anaandika, fulani anaandika, na mimi nikaitazama ile kofia.

Nikaandika kwamba huyo ni Modesta wa Usagara. Alikuwa anauza mihogo ya kuchemsha pale njia panda. Bendi ya Kahigwa ilipopita kuja kupiga Mwanza, gari likawaharibikia, wakatoa magitaa wakapiga kupoza hasira, na Modesta akaitikia akiwa na sinia kichwani, mihogo yote ikatulia kama imemezwa na wimbo. Kahigwa akavua kofia yake nyeupe akamvisha, akarudi Bukoba kichwa wazi. Kofia ile Modesta hakuivua mpaka anaingia kaburini.

Watu wakanipigia makofi ya vikatuni. Jovinary akaandika, "Asante sana mzee. Nitamsimulia mama."

Nilipaswa kushtuka hapo. Sikushtuka. Nilikuwa nahesabu makofi.

Haikupita muda, Ngosha akanitumia ujumbe: mama yake Jovinary, Ma Kokushubira, amevuka ziwa, anataka kuniona Jumamosi pale kwenye karakana. Nikajua anakuja kunishukuru. Nikavaa koti.

Karakana ya Ngosha ni chumba kimoja kimejaa spika zilizopasuliwa matumbo. Nilimkuta mama amekaa kwenye kiti cha plastiki, kitenge kimefungwa kwa heshima, mkongojo magotini, Jovinary amesimama nyuma yake. Alinizidi umri.

"Shikamoo, dada," nikasema.

"Marahaba. Ndiwe Shigela?"

"Ndimi."

"Kaa. Ngosha, washa."

Ngosha akawasha ule wimbo wa mwisho. Nikaanza kazi yangu: nikafumba macho, nikatikisa kichwa, mguu ukapiga sakafu. Nilipofumbua nikakuta wananitazama wote watatu, na kidole cha Ngosha kiko mbali na redio. Wimbo ulikuwa umeshakwisha, sijui tangu lini. Nikautuliza mguu.

"Hiyo sauti ni yangu," Ma Kokushubira akasema. Aliongea polepole, midomo yake ilisomeka kama gazeti. "Niliimba nina mimba ya huyu Jovinary. Baba mkwe hakutaka mke wa mwanawe aimbe na bendi, tukaapa kutosema. Kahigwa kafa hajasema, na mimi nilikuwa nife hivyohivyo."

Jovinary aliinamisha kichwa. Mimi koti lilinibana ghafla.

"Basi nimekosea sauti, dada. Uzee huu."

"Sauti umekosea. Na kofia?"

"Kofia gani?"

"Kofia ile nilimnunulia mimi, kwa hela ya kahawa yangu. Akaenda nayo Mwanza, akarudi kichwa wazi. Akaniambia ilipeperushwa na upepo melini, ikaangukia ziwani. Nilimwamini. Nimemwamini mpaka nimemzika. Sasa unatokea wewe na Modesta wako." "Kofia haisikiki kwenye kanda, Shigela. Uliijuaje?"

Nilitamani kitako cha spika moja kinifungukie niingie. "Niliiona kwenye picha, dada. Modesta hayupo. Nilimtunga."

"Ndivyo mlivyo wanaume. Mnafichiana mpaka kaburini."

"Haki ya Mungu vile."

"Mama, mzee huyu sikio lake linasifika kundi zima," Jovinary akasema kwa huzuni, kama anayenitetea. "Hawezi kuchanganya sauti hivihivi."

"Ndicho ninachosema! Mtu anayesikia meno kwenye waya, atachanganyaje? Labda huyo mwanamke tulifanana sauti. Labda ndiyo maana alimpenda."

Ikabidi niseme. "Sikuchanganya sauti. Sikuisikia. Mimi ni kiziwi, dada. Hata sasa hivi nakusoma mdomo."

Ngosha akacheka mpaka akashika meza. "Mzee Shigela kwa vituko! Leo kawa kiziwi!"

Hebu fikirieni. Uongo wangu wote waliumeza na mifupa yake, na kweli yangu moja ikawatoa kicheko. Lakini mama hakucheka. Alinyoosha mkongojo akanionyesha ukuta.

"Geuka kule."

Nikageuka. Mbele yangu kulikuwa na kalenda ya mwaka uliopita yenye picha ya trekta. Nikasimama. Nyuma yangu kulikuwa na ngurumo ndogo, halafu hakuna, halafu ngurumo tena. Sikujua kama wananiita, kama wananicheka, kama wameshatoka nje wameniacha na trekta. Jasho lilinishuka mgongoni ndani ya koti. Mzee mzima, nimesimamishwa kama mtoto wa shule aliyekojoa darasani, na sijui adhabu inaisha lini kwa sababu kengele siisikii. Niliogopa kugeuka mapema wakasema najifanya. Niliogopa kuchelewa wakanionea huruma.

Mwisho nikageuka.

Ngosha alikuwa ameacha kucheka, ameshika bisibisi hajui aiweke wapi. Jovinary alikuwa anafuta machozi kwa shati. Na mama alikuwa anafunga mdomo, taratibu, mishipa ya shingo bado imesimama, kiganja kiko juu ya goti pale kilipokuwa kinapiga mapigo. Alikuwa ameimba wimbo wote, mbele ya mwanawe, kwa mara ya kwanza, na mimi nilikuwa natazama trekta.

"Nimekutukana katikati," akaniambia. "Hukutikisika."

"Sikusikia, dada."

Aliurudisha mkongojo magotini. Halafu akatazama kando, pale mlangoni, na midomo yake ikasema, sidhani kama ilikuwa inasema na mimi: "Kumbe ilipeperuka."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimelibeba koti mkononi. Kesho yake nikaandika kundini, bila meno, bila mihogo: Modesta hakuwahi kuzaliwa, anayeitikia ni Ma Kokushubira, na mimi sijasikia albamu yenu hata moja; mnisamehe. Nikaizima simu kwa woga. Nilipoiwasha, nilikuta wamenyamaza. Hakuna kikatuni hata kimoja. Kulikuwa na ujumbe mmoja tu chini ya wangu, umetoka kwenye simu ya Jovinary, na ni wa sauti. Mama yule anajua kabisa sisikii, akanitumia sauti.

Nilizunguka nao siku nzima. Hatimaye nikampelekea Evelina jikoni. Akaiweka simu sikioni. Alikunja uso, akashika ukingo wa meza, akacheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, sikuweza kutofautisha. Akanirudishia simu, akaenda kugeuza samaki.

"Amesema nini?"

Nadhani alinijibu, maana mabega yake yalitikisika. Lakini alikuwa amenipa mgongo.