Kiatu Ndani ya Mawe

Halki, jirani mwenye kibanda cha chai pale njia panda, anasema Kusma alimrushia mnyapara bomu. Alilishika mkiani, anasema, kama mtu anavyomshika panya, akalizungusha mara tatu juu ya kichwa, akaliachia. Na Bhagirath akatimua mbio hadi barabara ya lami na kiatu kimoja mguuni, huku akimlilia mama yake. Ukimuuliza Halki yeye alikuwa wapi siku hiyo, atakwambia maji yanachemka, subiri. Siku hiyo alikuwa kwao, amekwenda kumwona dada yake aliyejifungua. Katika habari yake yote, la kweli ni kiatu tu.

Askari walikuwa wamefanya mazoezi ya shabaha siku mbili, na siku zote mbili Kusma alikaa uani akichambua dengu na kusikiliza. Miaka minane tangu aolewe hapo, sikio lake lilikuwa limefundishika. Bunduki za kawaida upande wa kisima kilichobomoka. Bunduki kubwa kule kilimani. Alasiri ya pili yakapigwa makombora: alisikia manne yakiondoka, lakini yaliyotua kwa kishindo yalikuwa matatu.

"Mama," alimwambia mama mkwe wake, Sarju, ambaye macho yake yalikwishaingia ukungu, "moja halikulia."

"Basi limelala mahali. Kesho tazama unapokanyaga."

Katika uwanja ule wa shabaha kila nyumba huokota pale lilipokuwa shamba lake. Jeshi liliyachukua mashamba zamani za babu zao, miti ikakatwa, magurudumu yakafuta mipaka. Lakini muulize mwanamke yeyote wa pale kijijini, atakuonyesha kwa kidole: la kina Gendabai linaanzia kwenye kisiki cha mti wa mhua mpaka mferejini, la kina Sarju kutoka mferejini mpaka kisimani. Zamani walivuna dengu, sasa wanavuna maganda ya risasi, shaba ya kuuza. Huzoa udongo, wakaupepeta kwa ungo. Vumbi likaenda na upepo, shaba ikabaki. Kisha kila ganda hugongwa ukuchani. Lililotumika hulia. Lililo kimya bado lina baruti, halitiwi guniani.

Na ukikuta kitu kizima, hukigusi. Unakizungushia mawe, unafunga kitambaa, unamwita mlinzi wa uwanja, na shamba lako limefungwa siku hiyo. Hapo ndipo kila nyumba inakumiminia ungo wake wa kwanza. Hilo ndilo fungu la mawe. Bila fungu la mawe nani angekiri kuona bomu shambani mwake? Angelikwepa kimyakimya aendelee kuokota, na kesho likamkuta mwenzake.

Asubuhi bendera nyekundu ya hatari ilipoteremshwa, wanawake walimkuta Bhagirath langoni akivuta sigara ya biri, miguuni viatu vyeusi vya kung'aa. Bhagirath ni mtoto wa baba mkubwa wa mume wa Kusma, kwa hiyo ni shemeji mkubwa, na mbele yake Kusma huvuta upindo wa sari mpaka kidevuni. Mwaka huo mkandarasi mmoja wa mjini alikuwa amepewa shaba yote ya uwanja, naye Bhagirath akawa mnyapara wake.

"Haya mambo ya shamba la bibi yangu, shamba la babu yangu, yamekwisha," alisema. "Mnajipanga mstari mmoja, bega kwa bega, mnafagia uwanja kutoka huku mpaka kule. Gunia la mkandarasi, jioni kila mtu na ujira wake."

"Na fungu la mawe?" Kusma aliuliza kutoka chini ya upindo.

Bhagirath aligeuka huku na huku kama mtu aliyesikia mbuzi akisema.

"Nani huyo? Tangu lini mke wa mdogo wangu akanisemesha? Mumeo kwenda kushona nguo mjini Surat ndiyo na wewe umevua adabu? Vuta ushungi, funga mdomo. Nisikusikie tena mbele yangu."

Wanawake walitazama chini. Mmoja akaingia mstarini, akafuata wa pili. Hata Gendabai, bibi ambaye ulimi wake huwafanya polisi wapite njia nyingine, alijipanga mwisho kabisa, peku, akinung'unika kwamba kiuno chake hakina tena nguvu za ugomvi.

Kusma hakujipanga. Alijitwika ungo wake, akaenda peke yake shambani kwa Sarju. Mama mkwe alikwisha kumwambia: shamba lisipookotwa na mwenyewe msimu mmoja, watu husahau ni la nani. Na nyumba ile haikuwa na shamba jingine.

Hakudiriki kupepeta hata ungo mmoja. Hatua kumi kabla ya kisima, katikati ya miiba, mkia wa chuma wenye mapezi ulikuwa umechomoza ardhini. La nne.

Alisimama. Hakuna aliyemwona. Maganda yalikuwa yamelala pale kama mahindi yaliyomwagika, na upande wa mferejini angeweza kuokota polepole bila kukaribia. Akiweka mawe, anajifungia shamba kwa mkono wake mwenyewe, na leo nani atammiminia ungo, wote wakiwa watu wa mkandarasi? Akainua macho. Mstari ulikuwa unakuja, bega kwa bega, na upande wa kisimani alikuja Gendabai na nyayo zake zilizopasuka.

Kusma akatua ungo, akaanza kukusanya mawe. Alipomaliza akachana ukingo wa sari yake, akafunga kitambaa kwenye mwiba.

"Simameni!" Bhagirath aliwafokea waliokuwa wamekwisha kusimama. Akaja mbio. "Ehe! Ujanja wa zamani huu. Halki alifanya mawe ya uongo mwaka wa mafuriko, akala shaba nono peke yake wiki nzima. Yaondoe."

Hilo la Halki lilikuwa kweli, na kila mtu alilijua. Kusma naye alikuwa amekatazwa kusema. Basi akaunyanyua ungo, akaukabili kama mtu anayeongea na jirani ukutani, akapaza sauti.

"Ewe ungo, mwambie mwenye viatu vipya kuna bomu hapa."

Mtu mmoja mstarini alicheka puani.

"Nitayaondoa mwenyewe!" Bhagirath akapiga teke.

Jiwe liliruka, na kiatu, ambacho hakikuwa kimeuzoea mguu ule, kikaruka pamoja nalo. Kilijiviringisha ndani ya mawe, kikalala shubiri mbili kutoka kwenye mkia wa chuma. Ndipo Bhagirath alipouona mkia.

Alirudi kinyumenyume, soksi juu ya miiba, bila hata kusema ai.

Kusma aliliokota lile jiwe, akalirudisha mahali pake.

"Ewe ungo," alisema, "muulize mstari wake ungepita wapi. Mguu wa nani ungefika wa kwanza? Mwambie hapa hapapiti mstari. Shamba hili ni la Sarju, mawe haya ni ya Sarju, na anayebisha aingie humo akakae na kiatu chake."

"Mguu ungekuwa wangu," alisema Gendabai. Akatoka mstarini. "Bhagirath, mwanangu, mimi nilikuogesha na kukutawaza wewe hujui hata kutambaa. Nenda kamwambie mkandarasi aje afagie mwenyewe." Akageuka, akaelekea kwenye kisiki chake cha mhua, kiuno kimenyooka kuliko asubuhi. Mmoja akamfuata, kisha watatu, kisha mstari haukuwapo tena; kila mtu alikuwa shambani kwao.

Mlinzi alipuliza filimbi na kuwapigia askari simu. Wangekuja kesho kulilipua. Kusma alihamia mbali, ng'ambo ya mfereji, na Gendabai akaja kummiminia ungo wake wa kwanza. Shaba ililia. Wakaja wengine, mmoja mmoja, hata wale waliotangulia kujipanga.

Bhagirath alibaki langoni, amesimama kwa mguu mmoja kama korongo. Alimwomba mlinzi akamchukulie kiatu, mlinzi akamjibu kwamba ana wajukuu. Mwishowe akaita ng'ambo ya uwanja, na safari hii kwa upole.

"Mke wa mdogo wangu! Kusma! Wewe ndiye uliyefunga mawe, wewe unajua pa kukanyaga. Niletee kiatu, dada yangu. Si changu, ni cha mkandarasi. Kusma, unanisikia?"

Kusma aligonga ganda ukuchani, akalisikiliza likilia. Kisha akavuta upindo wa sari mpaka kidevuni, kama impasavyo mke wa mdogo mbele ya shemeji mkubwa, akaendelea kupepeta.